Sauti Ikikufikia, Ndege Imeshapita

Nikiwa na miaka tisa, ndege ya kivita ilipita juu ya uwanja tuliokuwa tunachezea mpira, na katika watoto wote waliokuwepo mimi peke yangu sikuiona. Sauti ilinijia kama mtu anayechana shuka kubwa kwa mikono miwili. Nikageuza shingo kule ilikotokea, nikakuta anga tupu. Wenzangu walikuwa wamenyoosha vidole upande mwingine kabisa. Kaka yangu alinicheka wiki nzima: "We ulikuwa unatafuta sauti au unatafuta ndege?"

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ndege inayokwenda kilomita 800 kwa saa inakata zaidi ya mita 220 katika sekunde hiyohiyo. Ikiwa umbali wa kilomita moja na nusu, mlio wake unatumia sekunde nne na ushee kukufikia, na katika muda huo mwenye mlio ameshasogea karibu kilomita nzima. Kwa hiyo ukisikia, usitazame unakosikia. Peleka macho mbele, kule inakoelekea. Jambo dogo kama hilo nililijua ukubwani, baada ya kuzikosa ndege nyingi, na nikiangalia nyuma naona makosa yangu karibu yote katika mapenzi haya ya ndege za kivita ni ndugu wa lile la uwanjani. Nimekuwa mtu wa kufika pale ndege ilipokuwa.

Kosa linaloniuma mpaka leo linaitwa Vulcan.

Vulcan ilikuwa ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu. Ukiitazama kutoka chini ina umbo la taa, yule samaki wa baharini mwenye mabawa: pembetatu moja pana, mkia mmoja, basi. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1952. Mwaka 1982 mojawapo ilitoka kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, ikaenda kushambulia uwanja wa ndege wa visiwa vya Falkland, vilivyokuwa vimetekwa na Argentina, na kurudi, safari ya karibu saa 16, na zilihitajika ndege 11 za kujaza mafuta angani ili hiyo moja ifike. Jeshi lilipokwisha kuzistaafisha, moja yenye namba XH558 wapenzi waliichangia fedha mpaka ikarudi angani mwaka 2007.

Watu hawakuifuata kwa umbo tu. Waliifuata kwa mlio. Injini zake nne zikipandishwa nguvu wakati wa kupaa, hewa inayofyonzwa kwenye matundu ya mbele hutoa mlio usiofanana na ngurumo yoyote. Ni kama mtu anapuliza siwa kubwa ndani ya pango. Mimi niliujua kwa rekodi. Nilikuwa nayo kwenye simu, nikiisikiliza usiku kwa spika za masikioni kama wengine wanavyosikiliza taarabu. Na kila mwaka nilisema nitakwenda mwakani. Mwaka mmoja nilikuwa na tiketi ya maonyesho mkononi na ruhusa ya kazini, nikaiuza tiketi ile kwa sababu nilikuwa nakusanya fedha za lenzi. Nilijiambia ndege ipo, haiendi popote.

Tarehe 28 Oktoba 2015 iliruka mara ya mwisho. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi langu lilisokota siku hiyo.

Nilichojifunza ni kwamba ndege kongwe haiachi kuruka kwa kuvunjika tu. Mara nyingi inaacha kwa sababu waliokuwa wanaisimamia kiufundi, wale wenye ujuzi wa kutia saini kwamba ni salama, wamestaafu au wamejitoa, na vipuri vimekwisha. Ukisimama uwanjani huvioni vitu hivyo. Inang'aa, inanguruma, unadhani ina miaka ishirini mbele. Kama kuna ndege ya zamani unayoipenda na bado inaruka, nenda mwaka huu. Lenzi itanunuliwa baadaye.

Lenzi yenyewe sasa. Nilinunua ya milimita 600 kwa mkopo, na deni lile lilinikalia kichwani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakuna aliyenishauri, au tuseme nilishauriwa na sikusikia. Nilikuwa nimeona picha za watu wengine, rubani anaonekana mpaka rangi ya kofia yake, nikaamini siri ni urefu wa lenzi. Nikafunga safari mpaka Wales, kwenye mabonde yanayoitwa Mach Loop.

Kwa asiyepajua, Mach Loop si maonyesho. Hakuna tiketi, hakuna ratiba, hakuna mtangazaji. Ni mabonde kati ya Dolgellau na Machynlleth ambako marubani wa kijeshi hujifunza kuruka chini sana, na ndege za kasi huruhusiwa kushuka mpaka futi 250, yaani kama mita 76 tu kutoka ardhini. Unapanda kilima, unakaa kwenye majani, na ikija inapita usawa wa macho yako au chini ya miguu yako. Ikija.

Siku ya kwanza haikuja. Mvua ilinyesha na wingu likakaa ndani ya bonde kama maziwa kwenye bakuli. Nilikaa mpaka jioni kwa ukaidi, viatu vyangu vya mjini vikinywa maji. Siku ya pili kulikuwa kweupe, nikakaa tangu asubuhi, shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Alasiri nikainama kufunga kamba ya kiatu, na Hawk mbili, zile ndege ndogo za kufundishia marubani, zikapita. Nilipoinuka niliona migongo yake ikilala upande kuingia kona. Sekunde tatu. Nilikuwa nimetumia saa saba.

Karibu yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kiti cha kukunja na chupa ya chai, hana kamera. Alikuwa amenitazama siku nzima bila kusema. Sasa akaniambia mambo mawili, kwa upole wa mtu aliyeyasema mara nyingi. La kwanza, niache kutazama angani, nitazame chini, kwenye lile pengo la milima, kwa sababu hapa ndege haitoki juu. La pili, nisisubiri kusikia. Zinapokuja zikielekea kwako zinakuwa karibu kimya, na ukisubiri mlio umekwisha. Akanikaribisha chai.

Siku ya tatu nilikaa kando yake, macho pengoni. Kwanza ikaja Hercules, ndege ya mizigo ya kijeshi. Ile unaweza kuifuata bila haraka, ina injini nne za rafadha na mwili kama wa pweza aliyeshiba. Nikapiga picha kumi na tano, kila moja kali kama wembe, na zote mbovu. Nilikuwa nimeweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, 1/2000 ya sekunde. Rafadha ziliganda kabisa, ndege ikaonekana kama mfano wa plastiki ulioning'inizwa kwa uzi. Ndege ya rafadha inataka 1/200 au hata 1/125, ili zile panga zizunguke ndani ya picha, na mkono wako uifuate kwa utulivu kama unavyomfuata mtu anayepita barabarani. Kasi ya 1/1000 na kuendelea iache kwa ajili ya jeti.

Halafu zikaja F-15E mbili, jeti za kivita za Marekani, kutoka kambi yao ya Lakenheath huko Uingereza. Ya kwanza nikainua kamera, na ndani ya kioo kulikuwa na ukuta wa chuma cha kijivu. Hiyo ndiyo kazi ya milimita 600 mahali pale: ndege iko karibu mno, lenzi inaikata mabawa. Nilipata picha ya kipande cha bomba na mlima. Wengi waliokuwa pale walibeba lenzi za milimita 100 hadi 400, na walikuwa na ndege nzima. Nilishikwa na hasira, nikaishusha kamera kifuani. Kwa hiyo ya pili niliiona kwa macho.

Ilipita chini yangu kidogo, imelala ubavu, mgongo wote wazi mbele yangu. Ukungu mweupe ulitokea juu ya mabawa na kupotea, ukatokea tena, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Chini ya kioo kulikuwa na kofia mbili. Ya nyuma iligeuka. Mkono wenye glovu uliinuka kwenye kioo, ukabaki pale, ukashuka. Kisha mlio ukanipiga kifuani, si masikioni, na baada ya ndege kwenda zake bonde likabaki na harufu ya mafuta ya taa. Picha sina. Lakini nikifumba macho naipata yote.

Mzee alikuwa ameshika kikombe chake vilevile. "Alikupungia," akasema, kama anayetoa ushahidi.

Kisha nikaja kukamatwa. Ilikuwa mwaka uliofuata, katika nchi nyingine ambayo nilikuwa nakatiza tu safarini. Basi letu lilisimama karibu na kambi ya jeshi la anga, na langoni kulikuwa na MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, imewekwa juu ya nguzo kama sanamu, pua juu, rangi imechujuka kwa jua. Ilikuwa pambo. Nilishuka, nikapiga picha tatu, na wakati napiga ya nne kulikuwa na kivuli kando yangu.

Walinishikilia kwa muda wa saa sita. Hakuna aliyenigusa, na niseme wazi kwamba waliniheshimu. Lakini saa sita ni nyingi ukiwa kwenye chumba chenye meza moja, na basi limekwenda na begi lako. Kilichoniponza zaidi ya picha ni daftari. Mimi huandika namba za mkiani, saa, na upande ndege ilikoelekea. Kwa mpenzi wa ndege hiyo ni kumbukumbu tamu. Kwa ofisa aliyeketi mbele yangu ilikuwa kitu kingine, na kusema kweli nikijiweka kwenye kiti chake namwelewa. "Namba hizi unampelekea nani?" Nikajibu kwamba simpelekei mtu. "Basi unaziandika za nini?" Jaribu kulijibu swali hilo siku moja, mbele ya kioo.

Nilifanya kosa jingine la kujieleza kupita kiasi. Nilimwambia MiG-21 zilitengenezwa zaidi ya 10,000, kwamba iliruka mara ya kwanza miaka ya 1950, kwamba haina siri yoyote ya kuibiwa. Kadiri nilivyotaja takwimu ndivyo nyusi zake zilivyopanda. Mwisho waliniachia, ila kadi ya kamera ilifutwa yote. Ndani yake zilikuwemo picha za harusi ya dada yangu ambazo nilikuwa sijazihamisha.

Wala mimi si wa kwanza. Novemba 2001 wapenzi wa ndege 12 wa Uingereza na wawili wa Uholanzi walikamatwa Ugiriki, kule Kalamata, wakashitakiwa kwa ujasusi kwa sababu ya daftari kama langu. Walikaa rumande wiki kadhaa, wakatiwa hatiani Aprili 2002, na walifutiwa makosa kwenye rufaa Novemba mwaka huohuo. Kisa kile nilikisoma kabla ya kusafiri, nikasema hao ni wao.

Basi: lango la kambi ni lango la kambi, hata kama ndege iliyopo ni pambo. Tafuta askari wa zamu kwanza, kamera ikiwa begini, umwombe. Mara nyingi utakataliwa, na mara chache utaelekezwa usimame wapi. Kadi ya safarini isiwe na picha za nyumbani. Ukishikwa usianze kufuta picha haraka haraka, kwani hapo umejitangaza mwenyewe. Redio za kusikiliza mawasiliano ya marubani, ambazo wenzetu wengi hubeba, katika baadhi ya nchi ni kosa kuzitumia kwa kusikiliza tu, hata hapo Uingereza. Uliza kabla ya kuipakia. Kama unatumia programu za simu za kufuatilia ndege, jua kwamba za kivita mara nyingi hazijionyeshi, ila ndege za kujaza mafuta huonekana. Ukiiona moja inazunguka pale pale kwa saa nzima, kuna ndege za kivita zinazonyonya mafuta kwake.

La masikio nitalipitia upesi kwa sababu linanitia aibu. Nilimpeleka mpwa wangu, mtoto wa dada yuleyule wa picha za harusi, kwenye maonyesho akiwa na miaka saba, na sikubeba kinga ya masikio, yake wala yangu. Jeti ilipaa mbele yetu huku imewasha ule moto wa nyuma, ambapo mafuta ya ziada hunyunyizwa ndani ya bomba na kulipuka. Mtoto alilia. Mimi masikio yalivuma siku mbili, nikilala nasikia panzi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na sikio likishaharibika halina fundi. Viziba masikio vinaingia mfuko wa shati. Kwa mtoto nunua vile vya kuvaa kama hedifoni, kwa sababu vya kuchomeka atavitoa.

Na sasa lile ambalo sikupanga kuliandika.

Rekodi yangu ya Vulcan nilikuwa nimeifanya mlio wa simu. Nilijiona mjanja. Marafiki walicheka, wengine waliniomba niwatumie. Jioni moja tulikuwa na mgeni nyumbani, mama mmoja aliyekuwa amekimbia vita nchini kwao na mtoto wake mdogo. Simu ilikuwa juu ya kabati, ikaita. Nilipogeuka kuifuata, kiti chake kilikuwa tupu. Alikuwa chini ya meza, amemkumbatia mtoto, kichwa cha mtoto amekifunika kwa viganja vyote viwili. Sahani ilikuwa bado inazunguka sakafuni.

Yeye hakuhangaika kutafuta sauti ilikotoka. Alijua inakoelekea.

Nilizima simu, nikaomba radhi, na yeye akaniomba radhi mimi kwa ajili ya sahani, jambo lililonizidishia uzito. Hatukulizungumza tena. Mlio wa simu nilibadilisha usiku uleule. Mapenzi ya ndege hayakuniisha, nisidanganye. Wiki mbili baadaye nilikuwa natazama juu kama kawaida. Lakini nilipunguza baadhi ya maneno. Siku hizi siiti silaha "tamu", na nikiwa na watu nisiowajua vizuri sichezi rekodi yoyote.

Mwaka jana nilimpeleka tena yule mpwa, safari hii Duxford kule Uingereza, jumba la makumbusho ambalo nje yake ni uwanja hai wa ndege. Nilitaka aione SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani. Iliyopo pale, yenye namba 61-7962, ndiyo iliyoweka rekodi ya kuruka katika kimo kisichobadilika, mita 25,929, tarehe 28 Julai 1976. Imesimama ndani, nyeusi, ndefu, kimya. Nilimweleza kwamba mwili wake karibu wote ni titani, kwamba ilikwenda zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti, na kwa joto la kasi hiyo ilitanuka, ndiyo maana mabati yake yaliungwa kwa kulegea na ikiwa chini ilivuja mafuta. Ukiwa na mtoto usianze na mwaka. Anza na kuvuja. Aliinama palepale kutazama sakafu kama kuna tone.

Kisha akainuka. "Mjomba, hii iliua watu?"

"Hii haikubeba bomu. Ilibeba kamera tu."

"Kama wewe?"

"Kama mimi."

"Na zile nyingine?"

Nilitazama ukumbi ule, mabawa juu ya mabawa. "Zile nyingine, nyingi zake, ndiyo."

Alinyamaza kidogo, akilitafuna. Nje kukasikika injini ikikohoa, ikashika, ikatulia katika mngurumo mnene wa pistoni, na mimi nikaijua kabla ya kuiona: Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Akaniuliza kama tunaweza kwenda kuitazama. Nilipoingiza mkono begini kumtolea vya masikioni, begi lilikuwa tupu. Alikuwa ameshavivaa.